Wanzuki: utamu wa asali na kichwa cha asubuhi

Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba asali ni dawa, na kwa sababu hiyo anayeonja wanzuki, pombe ya asali, kwa mara ya kwanza huinua kopo bila hofu ambayo angekuwa nayo mbele ya gongo. Kosa huanzia hapo. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na ikichanganywa na maji ikaachwa ichachuke, hamira huila sukari hiyo na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa, iwe ni wanzuki wa Tabora, muratina ya Wakikuyu au tej ya Waethiopia.

Ulimi hauwezi kupima ukali wake. Sukari ambayo hamira haijaimaliza huficha kilevi, na kwa kuwa uchachukaji huendelea ndani ya dumu, pombe iliyoonjwa Ijumaa ikiwa laini yaweza kuwa kali Jumamosi jioni, ingawa mpikaji ni yuleyule. Tuchukulie kopo la nusu lita lenye kilevi asilimia 10, kiwango ambacho pombe ya asali hukifikia bila taabu: lina gramu 39 hivi za kilevi, maradufu ya bia ya ujazo huohuo yenye asilimia 5. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, hivyo aliyeanza kunywa saa mbili usiku akamaliza makopo matatu anaweza kuifikia saa mbili asubuhi akiwa bado na kilevi mwilini, na huenda ndiye dereva wa bodaboda uliyempanda.

Mning'inio wa asubuhi, yaani uchovu na maumivu ya kichwa baada ya ulevi, una sababu kadhaa kwa pamoja: kilevi huzuia homoni inayoziamuru figo kubakiza maji, huchubua tumbo, huvuruga usingizi na hulizuia ini lisitoe sukari ya kutosha, jambo linaloweza kuchangia mikono kutetemeka. Kuzimua kwa kopo jingine huahirisha tu deni hilo. Supu na maji hurudisha chumvi na maji yaliyopotea, lakini havilifanyi ini liharakishe kazi, na kahawa vilevile. Dawa za maumivu zataka tahadhari: parasetamoli ikizidishwa juu ya pombe huweza kuumiza ini, na aspirini au diklofenaki hulitonesha tumbo ambalo tayari limechubuka.

Tunalolisisitiza zaidi linahusu mlevi aliyelala. Akitikiswa haamki, pumzi zake zikawa za polepole au za kukatikakatika, ngozi ikawa ya baridi, au akatapika bila kujitambua, asiachwe eti pombe zimtoke. Mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasimpalie, msimnyweshe maziwa wala kitu kingine chochote, na apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, huku mtu mmoja akiendelea kuziangalia pumzi zake njia nzima.