Usimfute Madoa Papa Shilingi

Kaskazi imeingia, na simu ya ofisi yetu ya kumbukumbu za papa na kasa hapa Malindi imeanza kujaa picha za papa shilingi, yule papa mkubwa mwenye madoa, kutoka kwa manahodha, wapiga mbizi na wageni wao. Tunashukuru. Hata hivyo, msimu uliopita tulizikataa nyingi kwa kuwa zilikuwa zimebadilishwa, na malalamiko yaliyofuata yanaonyesha kwamba sababu hiyo haikueleweka.

Husimuliwa kwamba Mungu alimmwagia samaki huyu shilingi mgongoni. Shilingi hizo ndizo kitambulisho chake. Hakuna papa wawili ambao madoa yao yamepangika sawasawa, na programu ya kuyalinganisha, iliyotangazwa mwaka 2005, ilitokana na hesabu za wanaastronomia za kutambua nyota. Huangalia ubavu, nyuma kidogo ya matamvua.

Sasa mtu anafuta doa moja kwa kuwa aliliona kama uchafu. Ametufutia samaki. Mwingine anaipitisha picha kwenye akili unde ili ing'ae. Akili unde inabuni pale isipoona, nasi tunapokea papa mwenye madoa ambayo hakuzaliwa nayo. Linalonichosha zaidi ni kuipindua picha ili samaki aelekee upande unaopendeza. "Nimegeuza tu, sijabadilisha kitu." Umebadilisha kila kitu! Madoa ya kushoto si ya kulia, na kompyuta itamsajili kama mgeni. Niliwahi kumtafuta "mgeni" wa namna hiyo siku tatu.

Makovu nayo myaache. Alama ya pangaboi la boti, au uzi wa nyavu shingoni mwa kasa, ni ushahidi. Anayeufuta kwa nia njema anamwondolea lawama aliyejeruhi.

Kurekebisha mwanga au kupunguza kingo za picha hakuna neno. Hata rangi: maji humeza wekundu kwanza, kwa hiyo kuurudisha si udanganyifu, mradi useme.

Utaratibu ni huu. Tuma faili ya asili kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huondoa tarehe na mahali. Andika tarehe, saa, mahali, ubavu uliopigwa picha na kila ulichokirekebisha. Usifute ya asili kwenye kamera hadi tukujibu. Ikigundulika picha imebadilishwa bila kutajwa, mara ya kwanza itarudishwa na maelezo ya maandishi. Mara ya pili, picha zako zote za msimu huo zitawekwa kando hadi zilinganishwe na za asili. Mara ya tatu, jina lako litaondolewa kwenye orodha ya wachangiaji. Una siku 14 za kujieleza, na hatuchukui hatua kabla ya kukusikiliza. Picha ya mtu aliyemshika au kumpanda kasa haiingii katika utaratibu huu hata kidogo. Hiyo tunaipeleka KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Picha za kuvutia wageni ni zenu, lakini papa aliyebandikwa kando ya boti ambayo hakuikaribia asitumwe kwetu.

Kama ya asili imeshapotea, tuandikie ulichokiona na saa uliyokiona. Hilo pia linaingia daftarini.