Usiniambie una vidonda vya tumbo, niambie unasikia nini

Wengi wanaokuja kliniki yetu ya magonjwa ya ndani hapa Unguja huanza na maneno yale yale, dokta mie nna vidonda vya tumbo, nipe dawa. Nikiuliza nani kakwambia, mmoja kaambiwa na jirani, mwengine kapimwa damu duka la dawa, mwengine kasoma kwenye simu akaona dalili zote anazo. Siwalaumu hata kidogo, mana hili jina vidonda vya tumbo limeshakuwa kapu, kila kinachouma baina ya koo na kitovu kinatiwa humo. Lakini ndani ya kapu hilo muna maradhi mengi tofauti na kila moja lina dawa yake, na mtu ambae moyo wake ndo mgonjwa ukampa dawa ya asidi akenda zake nyumbani, anaweza asifike asubuhi.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chetu kishatupa maneno mazuri kabisa ya kutenganisha haya mambo. Kuna kiungulia, kuna roho kuchafuka, kuna kupiga mbweu, kuna chembe cha moyo kuuma, kuna kushiba haraka, yani vijiko vitatu vya wali na sahani unaisukuma. Hayo si kitu kimoja. Bibi zetu walikuwa wakiyataja moja moja, na ukinitajia hivo mimi nusu ya kazi nimeshaimaliza kabla sijakugusa tumbo.

Tuanze na kiungulia. Huu ni moto unaoanzia chini ya kifua ukapanda juu kuelekea kooni, mara nyengine na maji makali mdomoni, na huzidi ukilala au ukiinama, kwa mfano umeinama unapara samaki. Hapo asidi ya tumbo inapanda kwenye umio, yani njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, kwa sababu ule mlango wa kati umelegea. Mwezi wa Ramadhani ndo tunaona wengi mno. Mtu kafunga mchana kutwa, ikifika magharibi anaanza na kachori na bhajia, akafatia muhogo wa nazi, tambi, pweza, chai ya maziwa, kisha daku sahani ya wali imejaa, akaswali alfajiri akalala hapo hapo. Tumbo limejaa na mtu kalala chali, asidi itakwenda wapi? Futuru kwa tende na maji na uji kidogo, kaswali kwanza halafu ndo urudi kula, na vya mafuta punguza. Usiku jaribu baina ya chakula na kitanda yapite masaa 3. Kile kitanda kiinue upande wa kichwani kwa tofali, kama sentimita 15 hivi, usirundike mito mana mito inakukunja tumbo na kuzidisha. Uzito ukipungua na sigara ikaachwa kiungulia nacho hupungua, hili nimeliona kwa watu wengi.

Chembe cha moyo ni pale chini ya mfupa wa kifua. Maumivu ya hapo yanaweza kuwa vidonda kweli, na vidonda kwa sehemu kubwa vina sababu mbili. Ya kwanza ni bakteria anaeitwa H. pylori. Zamani madaktari dunia nzima wakisema ni mawazo na pilipili, mpaka mwaka 1982 madaktari wawili, Barry Marshall na Robin Warren kule Perth, Australia, wakamuotesha huyu bakteria maabara, na 1984 Marshall akamnywa mwenyewe, tumbo likawaka, na 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Kwahiyo urojo haukupi kidonda. Ndimu na pilipili za urojo zinaweza kumuasha mwenye tumbo bovu, hilo kweli, lakini hazichimbi shimo.

Sasa sikilizeni hapa kwenye kipimo. Kipimo cha damu cha H. pylori kinaonesha kwamba mwili umewahi kukutana nae, basi, hakikwambii kama yupo leo na wala hakikwambii una kidonda. Watu wengi sana duniani wanae na hawaumwi kitu. Kinachofaa zaidi ni kipimo cha choo cha kutafuta bakteria mwenyewe au kile cha pumzi, na kabla ya hapo dawa ya kupunguza asidi kama omeprazo iwe imesimamishwa wiki 2 na antibiotiki wiki 4, la sivyo jibu litakuja safi na bakteria yupo ndani kajificha. Usisimamishe kienyeji, muulize aliekuandikia. Ukikutwa nae utapewa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi siku 14, zimalize zote hata kama siku ya 5 umeshapona, halafu urudi kupimwa baada ya wiki 4 au zaidi.

Sababu ya pili ya vidonda ni dawa za maumivu, na hapa nna kisa. Alikuja mama mmoja wa makamo, katokea Wete, mwanawe kamshika mkono. Chembe kinamuuma miezi. Nikamwambia bi mkubwa nioneshe dawa zako, akafungua mkoba wa ukili akazipanga juu ya meza moja moja. Omeprazo karatasi tatu tofauti, magnesiamu za kutafuna, vidonge vya kuongeza damu, na chini kabisa, zimefungwa kwenye kitambaa, diklofenaki. Hizi za nini? "Za magoti mwanangu, hizo si za tumbo." Anameza mbili asubuhi na chai ya rangi kabla hajatia kitu mdomoni, mwaka wa pili sasa. Nikamuuliza choo, akaona haya, mwanawe akatoka nje, ndo akaniambia cheusi. Yeye akajua ni vile vidonge vya damu, na kweli vidonge vya chuma hufanya choo kiwe cheusi, lakini hicho huwa kikavu kikavu cha kawaida. Cha kwake kinanata kama lami, ukimwaga maji hakiondoki, na harufu yake si ya choo. Hiyo ni damu iliyopikwa na asidi. Tukamlaza siku ile ile, na tulipopitisha kamera mdomoni mpaka tumboni, kile kidonda kilikuwa pale.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zote zinakwangua ule utando unaolinda tumbo, na kumeza baada ya chakula hakukuondolei hatari. Mwenye magoti na tumbo bovu aanze na panadol kwa kiwango chake. Na omeprazo inamezwa nusu saa kabla ya kula, ukimeza umeshashiba unapoteza pesa tu.

Wengi wengine tukiwaingizia kamera tunakuta tumbo zuri halina kidonda, na mtu anasikitika kama kwamba tumemwambia muongo. Hapana. Tumbo linaweza kuuma na kujaa bila kuwa na jeraha, mishipa yake ya fahamu imekuwa nyepesi kuhisi au linachelewa kusukuma chakula, na mawazo na kukosa usingizi huzidisha. Huo ni ugonjwa kweli na una matibabu, ila kamera ya pili na ya tatu hazitaleta kipya.

Roho kuchafuka yenyewe ni safari nyengine. Mwanamke alie katika umri wa kuzaa kwanza tunauliza siku zake, mimba mwanzo wake ndo huo, na akiwa anatapika kila kitu hata maji, mkojo umekuwa mchache na mweusi, aletwe, asiambiwe vumilia. Dawa za sukari kama metformini huchafua roho pia, na malaria kwa aliesafiri. Jodari alieshinda juani bila barafu akipikwa vipi bado anakuwa na histamini, yani sumu inayotokea samaki akianza kuharibika, ukila uso unawaka, kichwa kinagonga, ngozi inawasha na roho inachafuka ndani ya saa moja hivi. Na kasa, jamani, kasa asiliwe. Kule Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024 watu 9 walikufa kwa nyama ya kasa, 8 kati yao watoto, na hii sumu haina dawa yake wala kupika hakuiondoi.

Msisubiri kliniki ukiona choo cha lami, matapishi yenye damu au kama unga wa kahawa, kutapika kusikosimama, au macho yamekuwa manjano. Na kama chakula kinakwama kooni, kwanza nyama na mkate halafu hata uji, au unakonda bila kutaka, au umepungukiwa damu, au una miaka zaidi ya 50 na hili tumbo ni jipya, hapo dukani usipite kabisa, njoo upimwe, mana saratani ya umio na ya tumbo hujificha nyuma ya hizi hizi dalili, na Afrika Mashariki saratani ya umio tunayo kwa wingi.

Na moyo. Ami yangu mimi, mtu wa kisukari, baada ya biriani ya Idi alisema kiungulia kimemshika, akatafuna magnesiamu, akawa anatoka jasho jembamba na pumzi zinakata. Nilikuwa mwanafunzi, na mimi nikasema ni biriani. Alikuwa na shambulio la moyo. Kiungulia chenye jasho, pumzi fupi, au maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, hasa kwa wazee, wenye sukari na wenye presha, kinakwenda dharura kupimwa umeme wa moyo, saa hiyo hiyo.

Ukija kwetu njoo na mkoba wako wote wa dawa, na za kienyeji pia, shubiri, habbasoda, chochote, hatukasiriki. Na wiki moja kabla andika kwenye simu, nimekula nini, saa ngapi, kimeanza saa ngapi, kinauma wapi kwa kidole kimoja, kinazidi nikila au nikikaa na njaa, kinaniamsha usiku au la, na choo rangi gani.