Nyota watoto wa Hollywood: pesa zao huishia wapi?

Dhana: "Alipata mamilioni utotoni, akayatapanya."

Mara nyingi hakuwahi hata kuyashika. Jackie Coogan alivuma mwaka 1921 akiwa bado mtoto mdogo, alipoigiza na Charlie Chaplin. Mapato yake ya utotoni yalikadiriwa kuwa dola milioni 3 hadi 4. Alipokuwa mtu mzima akadai chake, mama yake na baba wa kambo walimnyima, na sheria ya jimbo la California, Marekani, iliwaunga mkono: chumo la mtoto lilikuwa mali ya wazazi. Alifungua kesi mwaka 1938 akaambulia takriban dola 126,000. Shirley Temple, nyota mwingine mtoto wa filamu, kati ya dola milioni 3.2 alizochuma, alikuta zimebaki 44,000. Kumwita mtoto wa namna hii mbadhirifu ni kumdhulumu mara ya pili.

Dhana: "Sheria ya Coogan ilimaliza tatizo."

Sheria hiyo ya California, iliyotungwa mwaka 1939 baada ya kesi ya Coogan, ilikuwa na mwanya mkubwa: iligusa tu mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa. Nusu karne baadaye, mwaka 1989, Gary Coleman, aliyevuma utotoni kwenye televisheni, alilazimika kuwashtaki wazazi wake na meneja wake wa zamani.

Marekebisho ya maana yalianza Januari 2000. Sasa chumo ni la mtoto mwenyewe, na mwajiri hukata asilimia 15 ya malipo ghafi, yaani kabla ya kodi na kamisheni, akaiweka kwenye akaunti ya amana isiyoguswa hadi mtoto afikishe miaka 18. Kwa malipo ya dola 10,000, hiyo ni 1,500.

Tatizo la hapa huwa ni makaratasi. Akaunti hufunguliwa na mzazi, si studio. Mwajiri asipopewa maelezo yake ndani ya siku 180, pesa hupelekwa kwenye mfuko wa hisani wa wasanii, na hukaa huko mpaka mwenyewe azidai. Wapo wanaokua bila kujua kuwa wana akiba huko.

Halafu kuna ile asilimia 85. Wakala huchukua 10, meneja naye ana fungu lake, kodi inafuata, na kinachosalia kinashikwa na wazazi. Kwa maoni yetu, 15 ni kidogo mno. Mzazi mwenye nia njema hazuiwi na sheria kuweka zaidi.

Dhana: "Mtoto wa video za familia mtandaoni analindwa vilevile."

Kwa miaka mingi hakulindwa, kwa sababu hakukuwa na mwajiri wa kukata chochote: mzazi ndiye mpiga picha, mhariri na mlipwaji. Jimbo la Illinois lilianza kuziba pengo hilo Julai 2024, likimtaka mzazi atenge fungu la mtoto anayeonekana katika angalau asilimia 30 ya video za mwezi. California ilifuata 2025. Kwingi bado hakuna kitu.

Dhana: "Umaarufu ukipita, maisha yameharibika."

Peter Ostrum, aliyekuwa nyota mtoto, aliigiza filamu moja tu, ya mwaka 1971, akawa daktari wa mifugo. Danica McKellar, aliyevuma utotoni kwenye televisheni, alisomea hisabati chuo kikuu. Shirley Temple alikuwa balozi wa Marekani nchini Ghana kuanzia 1974. Kwa hiyo mzazi asikubali kupunguza yale masaa matatu ya masomo ambayo California inamdai mwajiri kila siku ya shule, hata siku ambayo upigaji picha umechelewa.