Antena iliyoyeyuka angani: kisa cha HCJB ya Quito

Mimi ni fundi mitambo wa redio na nimepanda minara kwa miaka, na nikiulizwa kituo gani cha Kikristo kina historia ya kumfunza fundi, sichelewi, nasema HCJB ya Quito, Ekuador.

Kilianza siku ya Krismasi 1931. Wamisionari Wamarekani, Clarence Jones na Reuben Larson na wenzao, mtambo wao ulikua wa wati 200 tu na ulikaa ndani ya zizi la kondoo, yaani zizi kabisa, na nchi nzima waliokua na redio ya kusikilizia ni wachache wa kuhesabika. Wakarusha hivyo hivyo. Herufi HC ni za Ekuador, kila nchi inapewa zake, wao wakaongeza JB.

Sasa ngoja nifike panaponigusa mimi. Kufika miaka ya 1940 wameshapanda hadi kilowati 10 kwenye masafa mafupi, wanataka kusikika mabara mengine, wakafunga antena kubwa ya vyuma vya alumini. Quito iko mita kama 2,850 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huko ni nyepesi. Chuma cha antena ya kawaida kina ncha mbili, na volteji kubwa kabisa inajikusanya pale kwenye ncha. Chini bondeni hewa inaizuia, lakini kule juu hewa ikashindwa, usiku wenye unyevu ncha zikawa zinatoa miali na mngurumo, alumini inayeyuka na kudondoka chini vipande vipande! Wakabandika mipira ya shaba kwenye ncha, ikasaidia kidogo tu.

Injinia wao Clarence Moore mwaka 1942 akateremka pwani, kijiji cha wavuvi kinaitwa Posorja, akabeba vitabu vyake vya kiufundi akakaa huko anasoma na kuomba. Jibu alilorudi nalo ni rahisi mpaka linauma: kama shida ni ncha, ondoa ncha. Uzi wa antena uzungushe uwe fremu ya pembe nne, mzingo wake ulingane na urefu wa wimbi moja. Hapo hakuna mwisho wa chuma unaoning'inia hewani, volteji inakua ndogo na inaangukia katikati ya pande. Miali ikakoma. Antena hiyo ndiyo kwodi (kwa Kiingereza quad), na wapenzi wa redio za mawasiliano wanaifunga mpaka leo juu ya mapaa yao, wengi hawajui kama ilizaliwa kwenye kituo cha injili.

Mimi hapo sioni sala upande huu na hesabu upande ule, Moore alienda na vyote viwili na vyote alivitumia.

Baadae walikua sana, kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes, walishaanza kutangaza tangu 1932, wakajenga bwawa lao la umeme kule Papallacta, na 1981 wakawasha mtambo wa kilowati 500. Kilichokuja kuwaondoa hewani kwenye masafa mafupi sio fedha peke yake, uwanja mpya wa ndege wa Quito ulikua unajengwa karibu na minara yao ya Pifo, na minara mirefu na ndege haviwezi kukaa pamoja. Septemba 2009 mitambo ya Pifo ikazimwa, minara ikashushwa. Mjini Quito wenyewe wakabaki wanasikika kwa FM.