Je, wajua kwa nini maziwa nayo husukwa?

Kwa wafugaji wa bonde la Usangu, wilayani Mbarali, "suka maziwa" ni agizo la kawaida kabisa. Mijini wengi wangeuliza: yanasukwaje, kwani ni nywele?

Kitenzi hiki kina kazi mbili. Ya kwanza ni kupitanisha ukili, nywele au nyuzi mpaka vishikane, na ndiyo iliyozaa semi za kila siku: kocha anasuka kikosi, fundi anasuka mota iliyoungua, watu wanasuka mipango. Ya pili ni kutikisa kitu cha majimaji huku na huku, bila kuchoka. Hiyo ndiyo ya maziwa. Ukiirudia unapata sukasuka, na humo ndimo lilimotoka neno msukosuko. Chombo kikipata misukosuko baharini, au ndoa ikipita kwenye misukosuko, picha iliyofichika ni ya kitu kinachotikiswa bila kupewa nafasi ya kutulia. Ni maana nzuri mno, haifai kuachwa ipotee.

Lakini kutikisa tu kunatoaje siagi? Maziwa ya ng'ombe yana mafuta ya asilimia 3 hadi 5 hivi, yakielea kama vitone vidogo sana, kila kimoja kikiwa na utando wake. Utando huo ndio unaovizuia visiungane. Maziwa yakishaganda humiminwa kibuyuni, lakini hakijazwi hadi juu, maana yakikosa nafasi hayajigongi. Kila mtikiso hupasua tando, vitone vinanasana, chembe zinakua. Mlio nao hubadilika: badala ya maji kuchapa unasikia madonge yakigonga. Hapo siagi imetoka. Kinachobaki ni mtindi, ule wa asili usio na mafuta mengi.

Hali ya hewa nayo ina neno. Usangu kuna joto, hivyo alfajiri ndiyo saa nzuri. Mchana mafuta hulainika na siagi hutoka tepetepe. Kwenye baridi ya Kitulo au Njombe, mwezi wa Juni au Julai, shida ni kinyume: mafuta hukakamaa na mkono hufa ganzi kabla hayajashikana. Kukizungushia chombo maji ya vuguvugu husaidia.

Kilo moja ya siagi hula maziwa lita 20 hivi, kwa kuwa asilimia 80 yake au zaidi ni mafuta. Ioshe kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, yasiyo na rangi ya maziwa, la sivyo mtindi uliojificha ndani utaichachusha. Ukiichemsha hadi maji yaliyomo yaishe, unapata samli.

Usijisumbue kusuka maziwa ya pakiti. Mengi hupitishwa kiwandani kwenye mashine inayovunjavunja vitone vya mafuta viwe vidogo mno, makusudi visipande juu, na vikishakuwa hivyo hata ukitikisa kutwa nzima ni shida kuvikusanya.