Je, wajua ni nini hasa kiliwashawishi madaktari kwamba vidonda vya tumbo huletwa na bakteria?

Wengi wanaoijua habari hii huisimulia hivi: daktari kijana wa Australia, Barry Marshall, alisema vidonda vya tumbo vinaletwa na bakteria, wakubwa wakamcheka, akawanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua, na ubishi ukaisha. Ni hadithi tamu, na kweli aliwanywa. Ila hapo mwisho imekosewa, na kosa hilo lina madhara. Wauza dawa za miujiza mitandaoni wameifanya ngao yao: ukiwauliza ushahidi, wanakujibu kwamba hata Marshall alichekwa.

Kwa ufupi, mambo yalianza mwaka 1979 katika Hospitali ya Royal Perth. Robin Warren, mtaalamu wa kuchunguza vipande vya nyama za wagonjwa kwa hadubini, aliona vijidudu vilivyopinda kwenye utando wa tumbo, mahali palipodhaniwa kuwa na asidi kali mno kwa bakteria kuishi. Marshall alijiunga naye mwaka 1981. Vijidudu vilikataa kuota maabara hadi likizo ya Pasaka ya 1982, sahani zilipoachwa siku kadhaa zaidi ya kawaida. Kumbe vinaota polepole tu. Leo vinaitwa Helicobacter pylori, na hujikinga kwa kutengeneza amonia inayopunguza makali ya asidi pale vilipo.

Mwaka 1984 Marshall akanywa. Kabla ya hapo tumbo lake lilikuwa limepimwa likaonekana zima. Baada ya siku chache alianza kutapika na kunuka mdomo, na alipopimwa tena utando wa tumbo ulikuwa umevimba, bakteria wamejaa. Kidonda? Hakikuwapo. Alithibitisha kwamba bakteria hao wanaweza kuvuruga tumbo lenye afya la mtu mmoja. Swali la vidonda lilibaki palepale.

Walioshuku walikuwa na hoja. Katika wagonjwa wa kwanza wa Perth, wote 13 waliokuwa na kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba walikutwa na bakteria. Lakini hata watu wengi wasio na kidonda chochote walikuwa nao. Je, bakteria ndio walioleta kidonda, au kidonda ndicho kilichowakaribisha? Anayeuliza hivyo anafanya kazi yake, na si haki kumwita mwenye wivu. Maabara za nchi nyingine nazo hazikukaa kimya. Zilitafuta, zikawakuta bakteria walewale.

Kilichohitajika ni jaribio la kutenganisha sababu na matokeo. Chukua mtaa ambao mapaa yake yote yanavuja wakati wa masika. Wenye nyumba wanapiga deki kila siku, sakafu zinakauka, nao wanaamini deki ndiyo dawa. Wewe unashuku matundu ya bati. Basi zigawe nyumba kwa kura ya bahati nasibu: nusu ziendelee na deki peke yake, nusu nyingine matundu yazibwe. Anayekagua sakafu asiambiwe ipi imezibwa, maana tamaa ya kuona jibu fulani huharibu macho. Kisha usikimbilie kuhukumu siku ileile, kwa kuwa leo sakafu zote zinaweza kuwa kavu. Subiri mvua nyingine.

Dawa za kupunguza asidi ndizo zilikuwa deki hiyo. Kidonda kilipona, mgonjwa akaacha dawa, kidonda kikarudi. Mwaka 1988 Marshall na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 100: bakteria walipobaki, vidonda vilirudi kwa asilimia 84 ndani ya miezi 12, walipoondoka, kwa asilimia 21. Mwaka 1993 timu nyingine kabisa, ya Vienna nchini Austria, ilitoa majibu yake: wagonjwa wote walipewa dawa ya asidi, lakini waliopewa antibiotiki pamoja nayo walirudiwa asilimia 8, na waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 86. Tofauti kubwa namna hiyo ni nadra katika tiba, na imepatikana kwa watu wasiokuwa na deni lolote kwa Marshall. Mwaka 1994 taasisi za afya za Marekani zilipendekeza antibiotiki kwa wenye vidonda na bakteria hao. Tuzo ya Nobel ya Marshall na Warren ilikuja 2005. Kutoka Pasaka ile hadi pendekezo hilo ni miaka 12.

Si kila kidonda kinatokana na bakteria. Dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirini huleta vidonda pia, na walio wengi wenye bakteria hawapati kidonda maishani. Msongo wa mawazo nao haujafutwa kabisa: utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 uliuhusisha na vidonda, ingawa utafiti wa kufuatilia watu tu hauna nguvu ya jaribio la kugawa watu kwa kura ya bahati nasibu. Pilipili inalaumiwa bila ushahidi wa maana.

Ukitibiwa, hakikisha bakteria wamekwisha kwa kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki nne baada ya antibiotiki na wiki mbili baada ya kuacha omeprazole, dawa ya kupunguza asidi. Kipimo cha damu cha kingamwili hakifai kwa kazi hiyo, kwa sababu kinaweza kuendelea kuonyesha maambukizi kwa miezi mingi baada ya bakteria kwisha, na mtu akameza tena antibiotiki asizozihitaji.