Ajali 10 mwaka jana, 7 mwaka huu: tuta lisifiwe?

Ikitokea ajali kubwa, waandishi hunipigia simu na swali moja: barabara ipi ni hatari kuliko zote? Orodha ya polisi hailijibu. Kipande kinachopitisha magari 20,000 kwa siku kitakuwa na ajali nyingi kuliko chenye magari 500, hata kama hicho cha pili ndicho chenye kona mbaya. Kugawa ajali kwa idadi ya magari nako hakutoshi. Ajali za gari moja kuacha njia, kwa mfano, huwa haziongezeki maradufu magari yakiongezeka maradufu.

Kwa hiyo tunaukata mtandao mzima wa barabara vipande vipande, kila kimoja na urefu wake, magari yake kwa siku, mteremko, kona na upana wa bega la barabara. Kisha tunaiuliza modeli, yaani fomula ya takwimu iliyotokana na vipande vyote hivyo: kipande cha aina hii kwa kawaida hupata ajali ngapi kwa mwaka?

Wengi huanza na mgawanyo wa Poisson, kanuni ya takwimu ya matukio yanayohesabika, ambao unataka mtawanyiko wa hesabu (jinsi zinavyotofautiana) ulingane na wastani. Barabarani mtawanyiko huwa mkubwa zaidi. Chukua Salgaa hadi Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Jedwali langu lina mteremko na idadi ya malori, lakini halina safu ya dereva anayetia gari niutro akishuka ili kuokoa dizeli. Mambo ya namna hiyo hufanya vipande viwili vinavyofanana kwenye karatasi viachane kabisa kwa ajali. Ndiyo maana tunatumia binomia hasi, mgawanyo mwingine wenye kigezo cha ziada, k, kinachobeba tofauti hizo.

Na k ina kazi nyingine, ambayo Ezra Hauer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliipigania kwa miaka mingi: kuamua tuiamini modeli kiasi gani na rekodi ya polisi kiasi gani. Tuseme modeli inatarajia ajali 4 kwa mwaka, polisi wameandika 10, na k ni 0.25. Uzito wa modeli ni 1 ÷ (1 + 0.25 × 4), yaani 0.5. Makadirio: nusu ya 4 jumlisha nusu ya 10, jibu ni 7.

Maana yake, mwaka unaofuata tungetarajia ajali 7 bila mtu kugusa chochote. Zile 10 zilikuwa na mkono wa bahati mbaya, na eneo huingia kwenye orodha ya maeneo hatari mwaka ule ule bahati imekaa vibaya. Hapo ndipo tuta hujengwa, au wazee huchinja mbuzi. Ajali zikishuka hadi 7, mhandisi na mbuzi wana haki sawa ya kusifiwa. Ripoti nyingi za kabla na baada ninazoletewa hulinganisha na 10. Mimi huzirudisha zilinganishwe na 7, na ziongeze magari ya mwaka huo mpya kwenye hesabu.